Gofu, Mahame na Ziara: Uhakiki wa Masimulizi ya Ziara ya Siku Moja kutoka Kaole na Bagamoyo hadi Mugere na Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ziara ya kuongozwa ya siku moja kama utanzu wa masimulizi. Matini mbili zinalinganishwa: ziara ya magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa Bagamoyo nchini Tanzania, na ziara ya jiwe la Mugere na katikati ya jiji la Bujumbura nchini Burundi. Miji hii miwili iliunganishwa na njia moja ya misafara katika karne ya 19, na lugha iliyopita katika njia hiyo ni Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba masimulizi ya ziara zote mbili hukitumia Kiswahili kama pambo na kukinyima nafasi ya ushahidi. Kwa hiyo kuyatafsiri kwa Kiswahili jinsi yalivyo ni kuhamisha kasoro kutoka lugha moja hadi nyingine. Makala yanapendekeza kwamba masimulizi hayo yaandikwe upya kwa kuanzia katika maarifa yaliyohifadhiwa kwa Kiswahili.

Maneno muhimu: ziara, gofu, mahame, masimulizi ya utalii, Bagamoyo, Mugere, Musaga

1.0 Utangulizi

Gari la wageni linapotoka katikati ya Bujumbura kuelekea kusini hufuata barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika. Upande wa kulia kuna maji. Upande wa kushoto, ardhi inapoanza kupanda kuelekea milimani, kuna Musaga, mtaa wa watu wengi ambao hujulikana kwa barabara ya kwenda Ijenda na kwa gereza kuu la Mpimba. Gari haligeuki. Linaendelea hadi Mugere, zaidi ya kilomita 10 kutoka jijini, ambako wageni hushuka kutazama jiwe kubwa lililochongwa majina mawili na tarehe moja. Kisha hurudi mjini kuonyeshwa viwanja, makumbusho na majengo ya enzi za ukoloni, na siku huishia hapo.

Mpangilio huo si wa Bujumbura pekee. Bagamoyo nayo huonyeshwa hivyo hivyo: kwanza magofu ya Kaole, kiasi cha kilomita 5 kusini mwa mji, kisha Mji Mkongwe wenyewe. Kitu cha kale nje ya mji, halafu katikati ya mji. Msimulizi mmoja, hadhira inayobadilika kila siku, na saa chache za kusimulia karne kadhaa. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, hapa pana fanani, hadhira, mandhari ya utendaji na msuko unaojirudia. Hata hivyo utanzu huu haujapewa uzito unaostahili katika uhakiki wa Kiswahili. Huachiwa wataalamu wa utalii, ambao hupima idadi ya wageni na mapato, wala hawapimi maneno yanayosemwa.

Suala hili lina uzito wa kisera. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kiswahili kilianza kufundishwa katika shule za msingi za nchi hiyo katika miaka ya 2000, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Katika mazingira hayo ni rahisi kutoa pendekezo jepesi: maelezo ya vivutio yaliyopo kwa Kifaransa na Kiingereza yatafsiriwe kwa Kiswahili. Makala haya yanalipinga pendekezo hilo, si kwa sababu tafsiri ni mbaya, bali kwa sababu matini ya kutafsiriwa ina pengo, na tafsiri aminifu italihifadhi pengo hilo kwa uaminifu.

2.0 Maneno matatu kama vigezo vya uhakiki

Kiswahili chenyewe kina maneno matatu yanayoweza kuwa vigezo vya kupimia masimulizi haya.

La kwanza ni ziara. Kabla halijawa neno la wakala wa utalii, ziara lilikuwa, na bado ni, neno la mtu anayezuru kaburi. Mwenye ziara ya aina hii huenda mahali kwa adabu. Anamjua aliyezikwa hapo kwa jina, au angalau anajua kwamba aliyezikwa hapo ana jina. Husoma dua, hutoa sadaka, huondoka. Mtalii naye hufanya ziara, lakini ya kutazama. Tofauti ya mzuru na mtalii haiko katika dini zao. Iko katika swali wanalokwenda nalo. Mmoja huuliza, “Ni nani yupo hapa?” Mwingine huuliza, “Ni nini kipo hapa?”

Maneno ya pili na ya tatu ni gofu na mahame, ambayo mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni visawe. Gofu ni jengo lililobaki mifupa: kuta bila paa, mlango bila ubao. Mahame limetokana na kitenzi hama. Ni mahali palipoachwa na watu, pawe na ukuta uliosimama au pasiwe na hata jiwe moja. Anayesema gofu ameliangalia jengo. Anayesema mahame amewakumbuka waliohama, na papo hapo amejifungulia maswali mengine: walihama lini, kwa nini, na wako wapi sasa?

Vigezo hivi havikuagizwa kutoka nadharia ya mbali. Vinatoka katika msamiati ambao wasemaji wa pwani na wa bara wanao tayari. Kwa vigezo hivyo, swali la uhakiki linakuwa hivi: je, ziara ya siku moja inamfanya msikilizaji kuwa mzuru au mtalii tu? Je, inamwonyesha gofu peke yake, au inamfikisha pia kwenye mahame?

3.0 Kaole na Bagamoyo

Kaole ni mahali penye misikiti miwili iliyobaki kuta na makaburi ya mawe, baadhi yake yakiwa na nguzo ndefu. Msikiti mkongwe zaidi kwa kawaida huwekwa katika karne ya 13. Mwanaakiolojia Neville Chittick alifanya uchimbuzi hapo mwishoni mwa miaka ya 1950. Vyombo vya kauri kutoka China, ambavyo vilipambia makaburi, ni ushahidi kwamba wakazi wake walikuwa sehemu ya biashara ya Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza kuonekana katika upwa huu.

Masimulizi ya Kaole yana nguvu ambazo mhakiki hana budi kuzikiri. Mwongoza wageni hasomi orodha ya tarehe. Husimulia kaburi la Sharifa, mwanamke mcha Mungu ambaye hadi leo watu humwendea kwa dua. Husimulia kaburi la mume na mke waliokufa maji pamoja. Husimulia kisima ambacho maji yake yanaaminiwa kuwa na baraka. Hivi ni visaasili, navyo ni mali ya fasihi simulizi. Anayevicheka kwa kuwa havina tarehe amekosea utanzu. Tena, kwenye kaburi la Sharifa ziara mbili hukutana: huenda mgeni mwenye kamera akamkuta hapo mtu aliyekuja na ubani. Kwa dakika hiyo mtalii hujikuta amesimama katika ziara ya mzuru, na mwongozaji stadi hushusha sauti.

Kasoro ya Kaole iko penginepo, katika alama za ushahidi. Kiswahili kina njia nyingi za kuonyesha chanzo cha habari: wazee husimulia, inasemekana, yaaminiwa, uchimbuzi umeonyesha, imeandikwa. Msemaji mzoefu wa lugha huzitumia bila kufikiri. Lakini maelezo ya ziara yanapofundishwa kwa lugha nyingine na kukaririwa, alama hizo hufifia, na kila kitu kikasemwa kwa wakati uliopita mmoja. Sharifa alikuwa, msikiti ulijengwa, wapenzi walizama. Kisaasili na matokeo ya uchimbuzi husimama bega kwa bega bila kutofautishwa. Anayeumia ni kisaasili chenyewe, kwa maana mgeni akigundua kwamba jambo moja halina uthibitisho hutupilia mbali yote. Wazee husimulia si maneno ya kupunguza uzito. Ni maneno ya kumtaja mwenye habari.

Baada ya Kaole msafara huingia Mji Mkongwe, na hapo tatizo huwa kubwa zaidi kwa sababu linahusu jina la mji. Masimulizi yaliyoenea hueleza kwamba Bagamoyo ni bwaga moyo, kilio cha watumwa waliofikishwa pwani na kukata tamaa ya kuiona tena nchi yao. Maelezo hayo yanagusa hisia, na yamepata nguvu zaidi tangu mwaka 2006, mji ulipoingizwa katika orodha ya awali ya Tanzania ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Lakini yapo maelezo mengine, ambayo wanahistoria wengi wanayaona kuwa na msingi zaidi: kwamba maneno hayo ni ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea miezi mingi na mizigo mabegani, na ambao walipoiona bahari walijua kwamba safari imekwisha.

Lugha yenyewe ina neno la kusema hapa. Kitenzi bwaga kimsingi ni cha mzigo: mtu hubwaga alichokibeba ili apumzike. Kubwaga moyo ni kutua, kuacha wasiwasi. Aliyepoteza matumaini husemwa amevunjika moyo au amekata tamaa. Hoja hii peke yake haitoshi kuamua asili ya jina la mahali, kwani majina ya miji hupewa maana mpya na kila kizazi. Wala haipunguzi ukweli kwamba watu waliuzwa na kusafirishwa kupitia Bagamoyo. Inachoonyesha ni kwamba masimulizi yaliyozoeleka yamechagua maana moja na kuifuta nyingine, na waliofutwa ni maelfu ya wafanyakazi waliokwenda kwa miguu yao, waliojadiliana ujira, waliogoma na kutoroka walipodhulumiwa. Mpagazi ametoweka katika mji uliojengwa kwa mabega yake.

Linashangaza zaidi jambo moja. Bagamoyo ni mji wa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903 kwa usimamizi wa Carl Velten. Kabla ya hapo, mwaka 1901, habari ya safari yake mwenyewe katika nchi za Udoe na Uzigua ilitoka katika mkusanyiko wa safari za Waswahili. Hapa pana msimulizi wa karne ya 19 aliyeandika kwa Kiswahili, kutoka ndani ya mji, kuhusu ndoa, ngoma, biashara, utumwa na safari. Hata hivyo katika masimulizi ya kawaida ya ziara nafasi kubwa hupewa mnara wa kanisa la misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambamo mwili wa Livingstone ulilala Februari 1874. Maiti ya mgeni ina mahali katika ramani ya ziara. Kalamu ya mwenyeji haina.

4.0 Mugere: majina mawili juu ya jiwe

Maiti hiyo ndiyo inayotufikisha Bujumbura, kwa sababu walioibeba walikuwa pia mwisho wa pili wa njia. Abdallah Susi na James Chuma, waliouongoza msafara uliochukua mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, alikofia Mei 1873, hadi pwani, walikuwa naye Ujiji Novemba 1871 Stanley alipowasili. Susi ndiye aliyetoka mbio kumlaki Stanley kabla bwana wake hajamwona. Msafara wa Stanley ulikuwa umeanzia Bagamoyo, ukiongozwa na Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyekwisha kutembea bara pamoja na Burton na Speke. Kutoka Ujiji, Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi kwenda ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliukuta unaingia, na kwa hiyo dhana kwamba ziwa hilo hulisha Nile kupitia mto huo ikaanguka. Katika safari hiyo walilala mahali ambapo leo pana jiwe la Mugere, na tarehe iliyochongwa ni 25 Novemba 1871.

Ziara ya Mugere hukabiliwa na kosa moja la wazi na jingine la kimyakimya. Kosa la wazi ni madai yanayosikika mara kwa mara kwamba hapa ndipo wasafiri hao wawili walipokutana kwa mara ya kwanza. Walikutana Ujiji, wiki mbili kabla. Kosa hili ni jepesi kusahihisha, na waongozaji wengi makini hulisahihisha.

Kosa la kimyakimya liko kwenye jiwe lenyewe. Jiwe lina majina mawili. Mtumbwi haukuwa na watu wawili. Kitabu cha Stanley mwenyewe kinawataja wapiga makasia, mpishi, kijana Selim aliyekuwa mkalimani, na Wajiji walioijua njia ya majini. Bila wao safari isingekuwapo, na bila Kiswahili wao na mabwana wao wasingeelewana. Machifu wa ufukweni waliombwa ruhusa ya kulala na kununua chakula kupitia wakalimani hao. Kwa lugha ya sarufi, jiwe la Mugere ni sentensi yenye kiima cha watu wawili na kitenzi kilichotendwa na watu ishirini hivi.

Masimulizi ya mwongozaji huendeleza sarufi hiyo ya jiwe. Kauli ya kutendwa ndiyo chombo chake kikuu: mto ulichunguzwa, kambi ilipigwa, mizigo ilibebwa. Kiswahili huruhusu mtenda kurudishwa kwa kiunganishi na: mizigo ilibebwa na nani? Lakini na hiyo haiji. Ikitafsiriwa hivyo, sentensi itakuwa sanifu kabisa, na mtenda atabaki amefutwa kwa Kiswahili fasaha. Ndiyo maana tafsiri peke yake haitoshi.

Mzuru, kwa kigezo kilichotajwa juu, angeuliza ni nani walikuwa hapa. Jibu linaweza kutolewa kwa dakika mbili, na linaibadilisha Mugere kutoka kuwa ukumbusho wa Waingereza wawili waliolala porini hadi kuwa kituo cha njia iliyoanza Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, na kuleta lugha kaskazini mwa ziwa. Kwa Mrundi anayejifunza Kiswahili shuleni, habari hiyo ina maana kuliko tarehe ya jiwe: lugha anayofundishwa kama lugha ya Jumuiya ilifika katika ufuko wa nchi yake kabla ya mpaka wowote wa kikoloni kuchorwa.

5.0 Katikati ya jiji, na mitaa isiyotembelewa

Nusu ya pili ya ziara huingia katikati ya Bujumbura, Usumbura ya zamani, iliyoanza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ikawa makao ya utawala wa Kibelgiji wa Ruanda-Urundi, na kubadilishwa jina nchi ilipopata uhuru mwaka 1962. Wageni huonyeshwa Uwanja wa Uhuru na majengo ya enzi za Wabelgiji, na kutoka kilima cha Vugizo, alikozikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, hulitazama jiji lote na ziwa.

Kinachokosekana ni Buyenzi. Mtaa huu wa barabara nyoofu zenye namba ulipangwa na utawala wa Kibelgiji kwa ajili ya watu walioitwa Waswahili: wafanyabiashara, mafundi, askari wa zamani na familia zao, waliotoka Ujiji, Manyema na kwingineko, pamoja na Warundi walioingia katika maisha ya mji. Mwanahistoria Geert Castryck, aliyechunguza Waislamu wa Usumbura kati ya 1897 na 1962, ameonyesha jinsi jamii hii ilivyokuwa kiini cha mji, ingawa watawala waliihesabu kama ya wageni. Rwagasore alipata kwa watu hao baadhi ya wafuasi wake wa mwanzo. Kwa hiyo anayesimama Vugizo akasimulia mauaji ya tarehe 13 Oktoba 1961 bila kuitaja Buyenzi amesimulia kifo cha kiongozi bila kuwataja waliomfuata.

Ukimya huu una sababu ya kilugha. Nchini Burundi neno Mswahili limebeba kwa muda mrefu maana ya pembeni: mtu wa mjini, Mwislamu, mjanja asiyeaminika. Mtaa wa watu hao si rahisi kuonekana kama urithi. Utalii huurithi mtazamo huo bila kuujadili. Hukipenda Kiswahili cha salamu, na kuwaepuka Waswahili.

Kuna gofu jingine ambalo ziara haliiti gofu. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Kwa miaka mingi baadaye eneo hilo, katikati kabisa ya jiji, lilibaki kuta na vyuma. Soko hilo lilikuwa mahali ambapo Kirundi, Kiswahili na Kifaransa vilibadilishana nafasi katika sentensi moja, na ambapo mfanyabiashara wa Uvira au Kigoma hakuhitaji mkalimani. Moto uliwatawanya wauzaji katika masoko mengine ya jiji. Kwa Kiswahili, pale palikuwa gofu na mahame kwa wakati mmoja. Magofu ya Kaole yameachwa kwa karne kadhaa na yanaheshimiwa; mahame ya soko yana wenyewe, nao bado wako hai na wanaweza kusimulia, lakini hawaulizwi.

Hapa ndipo Musaga inaporudi. Mtaa huu hauna ukuta wa kale wala jiwe lililochongwa, na kwa kigezo cha gofu hauna cha kuonyesha. Kwa kigezo cha mahame una mengi. Vita vya miaka ya 1990 viliwapanga upya wakazi wa mitaa ya Bujumbura, watu wakiondoka walikoishi na kwenda walikojiona salama. Mwaka 2015 Musaga ilikuwa miongoni mwa mitaa ya maandamano, na mwaka huo na uliofuata Warundi wengi walikimbilia nje ya nchi. Kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, mkoani Kigoma, ziliwapokea wengi wao. Tangu mwaka 2017 maelfu wamerejea, na watoto waliokulia huko wamerudi na Kiswahili. Kwa njia hiyo lugha imepita tena kati ya Kigoma na kaskazini mwa ziwa, safari hii si kwa mtumbwi wa mpelelezi bali kwa mabasi ya wanaorudi kwao.

Si busara kupendekeza kwamba wageni wapelekwe Musaga kutazama majeraha ya watu. Mtaa si maonyesho. Lakini mwongozaji anayepita kando yake anaweza kulisema jina lake, na mtunga sera anaweza kutambua kwamba historia ya Kiswahili Bujumbura ni historia ya watu wanaohama na kurudi. Ziara inayojua kusoma mawe tu haitaweza kuisoma.

6.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la soko: wageni wanaolipa huzungumza Kifaransa, Kiingereza au Kijerumani, hivyo Kiswahili hakina faida katika kazi hii. Pingamizi hili linachanganya mambo mawili. Lugha anayosemeshwa mgeni ni jambo moja. Lugha ambamo maarifa yanayosemwa yamechimbwa ni jambo jingine. Mwongozaji anaweza kumweleza Mfaransa kwa Kifaransa habari aliyoitoa kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, au katika wasifu alioutunga kwa Kiswahili Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyezijua njia za ziwa hili kuliko mpelelezi yeyote. Isitoshe, wageni wa kikanda wapo: wanafunzi, wafanyabiashara, wajumbe wa mikutano ya Jumuiya. Hao ndio wanaoachwa nje pale maelezo yanapoandikwa kwa kudhani kwamba msikilizaji lazima atoke mbali.

Pingamizi la pili ni la muda: ziara ni ya siku moja, haiwezi kubeba kila kitu. Ni kweli, na hakuna masimulizi yanayobeba kila kitu. Lakini ufupi haumchagui Livingstone na kumwacha Susi. Anayechagua ni mtunzi. Kuongeza na Susi na Bombay kunachukua pumzi moja. Kusema wazee husimulia kunachukua maneno mawili. Palipo na nafasi ya kusimulia jinsi mgeni alivyoamkiwa Ujiji, pana nafasi ya kumtaja aliyetoka mbio kumwamkia.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba ziara za Kaole na Bagamoyo, na za Mugere na Bujumbura, zina msuko mmoja na pengo moja. Msuko huanza na kitu cha kale na kuishia katikati ya mji. Pengo ni watu waliosema Kiswahili, ambao ndio waliounganisha mahali hapo pawili. Kaole, kwa sababu ya kaburi la Sharifa, bado imehifadhi chembe ya ziara ya mzuru, na katika hilo imeizidi Mugere. Mji Mkongwe wa Bagamoyo una mwandishi wake na haumtaji. Bujumbura ina mtaa wake wa Waswahili na haiutembelei.

Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, taasisi zinazosimamia urithi na lugha katika nchi za Jumuiya zisianze na tafsiri ya maelezo yaliyopo, bali ziagize maelezo mapya yatungwe kwa Kiswahili kutokana na vyanzo vya Kiswahili, vya maandishi na vya mdomo, kisha hayo ndiyo yatafsiriwe kwa lugha nyingine. Pili, mafunzo ya waongoza wageni yajumuishe matumizi ya alama za ushahidi, ili kisaasili kisimuliwe kwa heshima ya kisaasili na matokeo ya uchimbuzi kwa uzito wake. Tatu, Bagamoyo, Tabora, Ujiji na Bujumbura zisimuliwe kama vituo vya njia moja, na majina ya wapagazi, wakalimani na viongozi wa misafara yanayojulikana yaandikwe pale ambapo leo yameandikwa majina ya waajiri wao. Nne, wenyeji wa mitaa kama Buyenzi na Musaga washirikishwe kama watunzi wa masimulizi kuhusu maisha yao, na wao ndio waamue lipi lisemwe mbele ya wageni na lipi libaki la nyumbani.

Jiwe la Mugere halihitaji kufutwa wala kuchongwa upya. Linahitaji msimulizi ambaye, akimaliza kusoma majina mawili yaliyopo, ataendelea kutaja yasiyochongwa.